Ya Buluu ya Kitengela na ya Kijivu ya Kajiado

Kila nikiingia kwa bucha pale Gataka mnaniuliza, "Baba Wairimu, ilikuwaje kule?" Na kila nikianza, mtu anaagiza mutura na hadithi inakatikia hapo. Sasa nimeiandika. Shule niliiachia darasa la tano, kwa hivyo mwenye kutaka kunisahihisha anisahihishie kwake nyumbani.

Wairimu ni binti yangu wa kwanza, na kazi yake ni kupandisha ng'ombe. Hatembei na fahali. Anabeba mbegu kwenye mtungi wa baridi, na wafugaji wanampigia simu kutoka Kimuka tunakoishi mpaka huko nyuma ya Kajiado. Ng'ombe akitaka fahali hangoji mtu. Ukichelewa, unangoja mpaka azunguke tena, na mwenye ng'ombe hatakusahau. Pikipiki ilikuwa imemmaliza mgongo. Akasema anataka stesheni wagoni ya turbo, ile ambayo magurudumu yote manne yanavuta, buti ndefu ya kulaza mtungi, na nguvu ya kutoka kwa tope. Kampuni sitaji. Ni ile gari ambayo ikipita, mbwa wanajibu.

Mimi nilikataa. Wengi wenu mnajua sababu, lakini kuna wageni kwa bucha siku hizi, wacha niseme tena.

Mimi na ndugu yangu Karanja tulinunua gari kwa broka wa Kitengela anaitwa Shadrack, wenyewe wanamuita Shedi. Ile gari ilikuwa magari mawili. Mbele ya moja na nyuma ya nyingine, zimechomelewa katikati na fundi wake anaitwa Kasee, zikapakwa rangi moja. Karibu na Isinya pikapu ilitugonga ubavuni, kugonga ambako gari nzima ingebonyea na watu washuke watukanane. Yetu ilikatika. Mimi nilibaki na nusu ya mbele na huu mguu mnaouona. Karanja alikuwa amelala kiti cha nyuma. Shedi hakuja matanga. Kasee alikuja, akala, akaenda.

"Baba," Wairimu aliniambia, "gari nitanunua, uje ama usije. Afadhali uje."

Nikaenda.

Kimuka mpaka Isinya, na lori la nyasi

Alikuwa amechagua mbili kwa simu. Moja ya buluu, kwa yadi Kitengela. Nyingine ya kijivu, ya mzee mmoja wa ndani kule Kajiado. Mwaka wa kutengenezwa karibu sawa, turbo zote mbili. Nilimwambia tuone ya mbali kwanza. Akasema tuone ya mjini kwanza, kwa sababu tukiipenda hatutahitaji ya mbali. Mtu aliyesoma anapenda kupunguza safari.

Tulipewa lifti na Muthama, dereva wa lori lililokuwa linaenda Isinya kuchukua nyasi. Kiserian tulipasukiwa na tairi. Muthama alitoa jeki, akaitazama, akairudisha, akasema jeki ni ya lori lingine. Tukakaa kando ya barabara tukila mahindi choma huku tukingoja mwenzake alete jeki ya ukweli. Muthama ni mtu wa maneno. Alimtazama Wairimu, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

"Mzee, Mungu amekukumbuka. Bibi mdogo hivi na wewe unatembea na fimbo!"

"Mimi ni mtoto wake," Wairimu akamwambia.

"Ndio vizuri, muite baba. Hata wangu ananiita daddy."

Wairimu alicheka mpaka mahindi yakamwagika. Mimi sikucheka. Muthama alikuja kuelewa tukikaribia Isinya, na kutoka hapo hakuongea tena mpaka tuliposhuka. Hiyo ndiyo sehemu ya safari niliyopumzika.

Mfukoni nilikuwa na sumaku. Niliitoa kwa spika ya redio ya ile gari yetu, wakati mabaki yalikuwa yamelala kwa uwanja wa polisi. Ukiiweka kwa mlango wa gari, ikishika, hapo ni chuma. Ikianguka, hapo chini ya rangi ni ile pati ya mafundi ya kuzibia mabonyeo, na chini ya pati kuna siri ya mtu. Tangu Karanja afe sijapanda gari ya mtu bila kuizungusha hiyo sumaku. Hata ya pasta nilizungusha.

Kitengela: ya buluu

Isinya tulipanda matatu mpaka Kitengela. Yadi yenyewe iko nyuma ya maduka ya mbao, ukipita mahali wanauza matangi ya maji. Kijana wa kuuza alijiita Tonny. Kofia ya nyuma mbele, viatu vyeupe kwa vumbi la Kitengela.

"Mzae wangu, karibu! Mrembo, karibu! Hii si gari, hii ni ndege. Imekosa tu mabawa."

"Ndege inaanguka," nikamwambia.

"Hii haijui kuanguka, mzae."

Niligusa boneti. Ilikuwa moto. Gari iliyopashwa moto kabla mgeni afike haisemi ukweli, ni kama mgonjwa aliyekunywa dawa ya maumivu kabla ya kupimwa. Injini mbovu hukohoa ikiwa baridi. Nikamwambia tutangoja ipoe.

"Ipoe? Na jua hili?"

"Tuko na siku nzima."

Tukaenda kibanda cha mama mmoja tukala chapati na maharagwe. Wairimu alikula haraka na kutazama simu, mimi nilikula polepole na kutazama yadi, ili Tonny asiiwashe tena. Mara mbili alikaribia ile gari, mara mbili nikainua fimbo kutoka kwa kibanda. Akapiga saluti akarudi kivulini. Mama wa chapati aliniuliza kama ile gari ni yangu. Nikamwambia bado. Akasema, "Mbona basi unailinda?" Nikaagiza chapati nyingine.

Ilipopoa, Wairimu aliiwasha. Ilishika mara moja. Moshi hakuna, mlio safi. Tukaiingiza barabara ya Namanga, Tonny kiti cha nyuma, mimi mbele na mkanda nimeufunga mpaka naumia. Wairimu alikanyaga mafuta. Ile turbo ilianza kupiga mluzi, nikasukumwa kwa kiti kama mtu amenikaba kifua, na lori tulilokuwa tunalifuata likabaki nyuma.

"Polepole!"

"Baba, ni mia tu."

"Mia inatosha kuzika mtu!"

Lakini nitasema ukweli, ilikuwa gari tamu. Haikutetemeka. Breki zilishika. Tuliporudi nilizungusha sumaku milango yote, madigadi yote, paa, na sumaku ikashika kila mahali. Nikainua kapeti la mbele, nikachungulia chini ya kiti cha dereva, kwa sababu yetu ilikuwa imechomelewa hapo. Safi kabisa. Nikamtazama Wairimu, akanitazama, na nikajua sina tena sababu ya kukataa.

"Mzae ameridhika!" Tonny akapiga makofi. "Nimuite bosi aje mmalizane."

Wakati tunangoja huyo bosi, Wairimu alifungua buti aone mtungi wake utakaa wapi. Ule mtungi lazima ufungwe chini na kamba, kwa sababu ukianguka ni hasara na pia unaunguza kwa baridi. Alikuwa anatafuta mahali pa kufungia. Kapeti la buti lilikuwa limegandishwa kwa gundi. Alilivuta pembe moja, likaachia na sauti ya plasta.

"Baba. Njoo."

Chini ya kapeti, nyuma tu ya kiti cha nyuma cha abiria, kulikuwa na mstari. Ulitoka ukuta mmoja wa gari mpaka ukuta wa pili, umenona kama kovu la upasuaji, umepakwa lami nyeusi. Niliweka sumaku juu yake. Ikashika. Kwani welding ni nini kama si chuma?

Nilikaa pale kwenye buti.

Na hapo ndipo bosi alipoingia. Ameongeza tumbo, amepunguza nywele, lakini ni yeye. Shedi. Yadi ina bango lenye jina lingine, ndio maana Wairimu hakujua.

"Mzee wangu, habari ya leo? Naona umeshakaa kwa gari yako!"

Alinipa mkono. Nyinyi mnaniuliza kama nilimpiga. Sikumpiga. Alikuwa ananitazama usoni na hanijui, mimi ambaye jina lake nalitaja kila siku kabla ya kulala.

"Shedi," nikamwambia, "mimi uliniuzia gari."

"Nimeuzia wengi, baba. Ilikuwa gani?"

"Ile iliyokatika."

Alifikiria. Naapa alikuwa anafikiria kweli, kama mtu anayetafuta ni ipi kati ya nyingi. Halafu akasema, "Magari hukatika, mzee. Barabara zetu unazijua."

Wairimu alimuonyesha ule mstari. Shedi akasema hiyo ni ya kiwandani. Tonny naye akasema ni ya kiwandani. Wairimu akawauliza kiwanda gani kinapaka lami kwa burashi mpaka nywele za burashi zinabaki, na akaivuta moja akaipuliza mbele ya uso wa Shedi.

"Kasee bado anakufanyia kazi?" nikamuuliza.

Hapo ndipo uso wake ulibadilika kidogo. Alimwambia Tonny afunge buti.

Kisaju

Kutoka hapo tulipata pikapu ya mtu wa kupeleka chumvi ya ng'ombe, akatungojesha Kisaju kwa sababu alikuwa na mteja wa kulipa deni na mteja huyo hakuwa amerudi. Tulikaa sana. Tulikunywa chai yenye majani mengi, nikakataa maandazi, halafu nikala ya Wairimu.

"Turudi nyumbani," nikamwambia. "Uendelee na pikipiki."

"Tumebakisha moja."

"Kama mtu wa duka lenye bango anafanya vile, mtu wa porini je?"

"Baba, mimi nashinda na watu wa porini. Wao ndio wananilisha."

"Na Karanja alikuwa amelala tu," nikasema. Sijui mbona nilisema hivyo. Wairimu alinisukumia kikombe chake cha chai, nikainywa yote, na pikapu ikawa tayari.

Kajiado na ndani yake: ya kijivu

Mwenye gari anaitwa Mzee Lemaiyan. Tulikuwa tumekubaliana kwa simu kwamba tutamkuta kwake. Lakini tuliposhuka mjini Kajiado tulimkuta amesimama kando ya lami, shuka nyekundu, koti la suti juu yake, ameegemea ile stesheni wagoni ya kijivu.

"Sopa!"

"Ipa," Wairimu akajibu, akainamisha kichwa, na mzee akamgusa utosini.

Mimi nilienda moja kwa moja kwa boneti. Moto!

"Mbona umeipasha?" nikamuuliza, hata salamu sijatoa.

"Nimeipasha nini?"

"Gari!"

"Nimekuja kuwachukua," mzee akasema. "Mgeni mwenye fimbo ningemwacha atembee?"

Nikafikiri, huyu naye ni mjanja kuliko Shedi. Anaficha injini baridi kwa heshima. Tukapanda. Alitoka lami akaingia njia ya mawe na miiba, na hiyo gari yenye turbo aliiendesha mwendo wa punda. Buti ilikuwa na mitungi ya maji ikigongana. Gari ni ya mtoto wake, aliyehamia ng'ambo na hana haja nayo tena. Mzee alikuwa anaitumia kwa maji na kanisa.

"Unajua iko na turbo?" Wairimu akamuuliza.

"Naskia inapiga mluzi," mzee akasema. "Mbuzi wameizoea."

Tulipofika bomani nilizungusha sumaku kabla ya kuketi. Mlango wa nyuma wa kushoto, sumaku ikaanguka chini. Nikairudisha. Ikaanguka. Nikamuita Wairimu kwa sauti ambayo hata watoto walitoka nje.

"Hapa! Pati! Uliona? Huyu naye!"

Mzee Lemaiyan aliokota sumaku, akaigeuza, akanirudishia.

"Hapo ni fahali," akasema.

"Fahali gani?"

"Njoo."

Akanipeleka nyuma ya zizi. Fahali mweusi mkubwa, pembe moja imekatika ncha. Mzee akaeleza kwamba mtoto wake alikuwa ameosha gari na kuing'arisha, fahali akapita, akajiona kwenye mlango, akadhani ni mwenzake amekuja kwa wake zake. Alipiga mlango mara moja. Aliporudi kuangalia, yule mwingine bado yuko. Akapiga tena.

"Kutoka siku hiyo hatuoshi gari," mzee akasema. "Tunaacha vumbi."

Wairimu alikuwa ameshikilia nguzo ya zizi akicheka. Mimi nilimtazama fahali, nikatazama pembe. Rangi ya kijivu ilikuwa bado imeshika kwenye ile iliyokatika. Na bado sikuamini. Nilimwambia mzee siwezi kusema kitu mpaka niione injini ikiwa baridi, asubuhi.

Nilidhani nimemtega. Kumbe alifurahi. "Nani alikwambia mnaenda leo?" Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Mama wa boma, anaitwa Mama Naserian, alituletea maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, halafu nyama, halafu supu chungu ya mizizi ambayo nilikunywa nikidhani ni chai. Walinitazama nikikunja uso wakasema ni nzuri kwa mguu. Mguu bado unauma.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kutoka, boneti imelowa umande. Wairimu aliinua kapeti lote, mbele, katikati, buti. Alilala chini kabisa na tochi ya simu. Aliporudi juu mgongo umejaa samadi, akasema, "Moja. Ni gari moja, Baba." Akaiwasha. Ilikohoa mara moja, ikanyamaza, ikashika. Tulitembea nayo mpaka kwa uwanda na akaikanyaga. Haikuwa na kasi kama ya buluu. Ya buluu ilikuwa tamu zaidi, na hiyo nasema mbele ya mtu yeyote. Ya kijivu ilivuta ikichelewa kidogo, kama mzee anayeamka kwa kiti, halafu ikaenda.

Wakaelewana bei. Mzee akampa Wairimu ufunguo mmoja. Wa pili akautia ndani ya koti.

"Na huo?" nikauliza.

"Huu unabaki."

Basi hapo damu ilipanda. Nyote mnajua kule mjini gari inauzwa mchana, na mwenye ufunguo wa pili anaifuata usiku na kuiiba. Nilimwambia mzee maneno ambayo sitaandika. Nilimuita Shedi wa shuka. Mama Naserian aliacha kukamua. Mzee hakukasirika, alinitazama tu kama anayengoja mvua ipite.

"Baba," Wairimu akasema. "Ulipokuwa unanunua ng'ombe hapa Kajiado, ulirudi na kamba ya mwenyewe?"

"Kamba? Hapana. Kamba haiuzwi. Ng'ombe anaenda na kamba yako, ya mwenyewe inabaki zizini, ndio wengine wasimfuate..."

Nikasikia nilichosema.

"Hii ndiyo kamba," mzee akasema, akigonga koti. "Kitu kikitoka bomani, cha kukivutia kinabaki. Nikikupa vyote viwili nimekupa hata bahati ya ng'ombe wanaobaki."

Sasa tukawa wawili tusioweza kusonga. Yeye hawezi kuutoa, mimi siwezi kuuacha. Nilikuwa nimekubali kwamba yeye si mwizi, lakini ufunguo ukiwa kwa koti na koti liko kwa msumari, mtu yeyote anaweza kupita. Tulikaa. Chai ikaja tena. Ni Mama Naserian aliyetupita na ndoo, akafungua buti, akatoa ile kamba nene ya kuvutia gari ikikwama, akamtupia mzee miguuni, akasema kitu kwa Kimaasai. Watoto wakacheka.

"Anasema nini?" nikamuuliza Wairimu.

"Anasema wanaume wawili wazima wamekaa wanatafuta kamba, na kamba iko ndani ya gari."

Mzee aliichukua, akaikunja vizuri, akaitundika kwenye lango la zizi. Halafu akatoa ufunguo kwa koti akaniwekea mkononi, mimi, si Wairimu. Akatema mate kidogo kwa tairi la mbele kwa baraka.

Kurudi

Njia nzima Wairimu aliendesha. Tukikaribia Isinya, pale penyewe, alipunguza mwendo bila kuambiwa, akawasha taa za tahadhari, tukapita polepole kama tunamsindikiza mtu. Lori nyuma yetu lilipiga honi, likatupita likitutukana.

Mbele ya Kiserian simu yake ililia. Ng'ombe wa mtu Kimuka alikuwa ameanza kuita fahali tangu asubuhi. Aliniambia nishike vizuri. Nilishika. Tulipanda ule mlima turbo ikipiga mluzi na mimi nikipiga kelele, tukafika, na huyo ng'ombe sasa ana mimba.

Hiyo ndiyo safari. Ufunguo wa pili uko kwangu, ndani ya mkebe mmoja na sumaku.

Lakini kuna kitu kimoja. Juzi nilimtuma Muthama, yule wa lori, apite nyuma ya maduka ya mbao achungulie. Alinipigia akasema ya buluu haiko. Imeuzwa. Tonny hakumwambia ni kwa nani. Kwa hivyo msinirudishie hii karatasi, pitisheni kwa wengine. Kama kuna mtu wenu, au shemeji, au jirani, amenunua stesheni wagoni ya buluu Kitengela kwa Shedi, gari tamu, haitetemeki, mwambieni aende kwa buti, avute kapeti lile la gundi, nyuma ya kiti cha nyuma cha abiria. Kabla hajafanya hivyo, mtu asilale kiti cha nyuma.